Pikapu za gitaa za miaka ya 1950, 1960 na 1970: ipi ishike solo, ipi ishike ridhimu?

Ukitaja pikapu mjini Tanga, wa kwanza kugeuka ni dereva aliyetoka kushusha machungwa ya Muheza. Pikapu ninayoizungumzia hapa ni ile inayokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme: sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele, ambayo hugeuza mtikisiko wa uzi wa chuma kuwa umeme mdogo sana unaokwenda kukuzwa na amplifaya. Wapigaji wenzangu huniuliza mara kwa mara kama inafaa kutafuta pikapu za zamani, au mpya zilizoundwa kwa kufuata za zamani, na kama inafaa, basi za miaka ipi. Mimi huwarudishia swali kwanza: katika bendi yenu wewe unashika nini? Pikapu inayompendeza mpiga solo inaweza kumharibia kabisa mpiga ridhimu aliyesimama hatua mbili kutoka kwake, hata kama zote mbili zimetoka kiwanda kimoja katika mwaka mmoja.

Nauliza hivyo kwa sababu muziki tuliorithi hapa ni muziki wa magitaa yanayosukana. Dansi ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz haikuwa gitaa moja linalotamba huku mengine yakisindikiza kwa mbali, na taarabu ya Tanga, tangu Black Star na Lucky Star zilipoingiza gitaa na besi za umeme, nayo ilihitaji gitaa lijibizane na mwimbaji bila kumfunika. Katika muziki wa namna hii kila gitaa lina nafasi yake katika masafa ya sauti, na magitaa mawili yakigombea nafasi moja, msikilizaji hasikii gitaa lolote. Nitazilinganisha pikapu hizi kwa kipimo hicho, na sitajali sana thamani yake kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Kinachotofautisha sauti

Umri peke yake haubadilishi sauti kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Sumaku ya aliniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, ikiachwa mahali pake hupoteza nguvu kidogo mno kwa miongo mingi. Kinachoidhoofisha kweli ni kuwekwa karibu na sumaku nyingine kubwa, kwa mfano ya spika. Kinachotofautisha pikapu ya 1954 na ya 1972 ni jinsi zilivyotengenezwa: idadi ya mizunguko ya waya, umbo la koili, aina ya sumaku, na vipande vya chuma vilivyowekwa ndani au kando ya koili.

Mizunguko ikiongezeka, umeme unaotoka huongezeka, lakini koili nayo huzidi kupinga mabadiliko ya haraka ya mkondo, tabia ambayo mafundi huiita indaktansi. Indaktansi hiyo ikikutana na kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, huzaa kilele: masafa fulani huinuliwa juu ya mengine, na yaliyo juu ya kilele hicho hukatwa. Sikio hukitambua kilele hicho kama sauti ya gitaa fulani. Pikapu ya Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender ya Marekani, yenye indaktansi ya henri 2.2 hadi 2.5 hivi, ikipitia kebo ya mita 5 au 6, hupata kilele karibu na herizi 4,000. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, ya kale ya kampuni ya Gibson, yenye henri 4 na kidogo, hushuka hadi karibu na herizi 3,000. Pikapu nzito zilizokuja katika miaka ya 1970 hushuka hadi herizi 2,500 au chini ya hapo. Herizi 1,500 zinazotenganisha ncha hizo mbili ndizo zinazotofautisha gitaa linalosikika kama kengele na gitaa linalosikika kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika shuka.

Kebo nayo imo katika hesabu hii. Kebo ya mita 10 huongeza kapasitansi na kukishusha kilele cha pikapu yoyote. Mpigaji anayelalamika kwamba gitaa lake ni kali mno, au limezibwa mno, abadilishe kebo kwanza kabla ya kufungua mkoba.

Koili moja za Fender: kabla na baada ya 1965

Telecaster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster, ina pikapu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, imebandikwa bamba la chuma lililopakwa shaba chini yake, na bamba hilo huipa sauti nguvu na makali yanayopenya hata kwenye ukumbi uliojaa watu. Ya shingoni ni ndogo, imezungushwa waya mwembamba zaidi na kufunikwa kifuniko cha madini kinachopunguza makali, kwa hiyo ni ya mviringo na ya upole. Kwa mpiga solo wa dansi anayetaka kila noti isikike kama imechongwa, sijapata bado pikapu ya kuishinda ile ya daraja, ila inataka mkono uliotulia, maana haifichi kosa lolote.

Stratocaster ilifuata mwaka 1954 ikiwa na pikapu tatu za muundo mmoja. Za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 zilikuwa na mizunguko 8,000 hivi ya waya uliofunikwa kwa Formvar, aina ya vanishi ya kuzuia umeme, na kwa kuwa mkono wa mfanyakazi ndio ulioongoza waya wakati mashine ikizunguka, hakuna mbili zinazolingana kabisa. Kwenye mita ya kupimia ukinzani wa waya nyingi husoma kati ya kilo-omu 5.5 na 6.5. Sauti yake ina uwazi wa juu, lakini chini yake kuna nyama: noti ya uzi wa pili au wa tatu huwa na kiini, haiwi mlio mtupu.

Karibu na mwaka 1964 waya ulibadilishwa ukawa wa enameli ya kawaida, na sakafu ya pikapu ikawa ya kijivu badala ya nyeusi. Januari 1965 kampuni ya CBS ilinunua Fender, na katika miaka iliyofuata uzungushaji ukawa wa mashine zaidi na mizunguko ikapungua hadi 7,600 hivi. Wakusanyaji husimulia mabadiliko hayo kana kwamba ni msiba, nami sikubaliani nao. Pikapu za mwisho wa miaka ya 1960 ni nyembamba zaidi, kweli, na kati yake imelegea, lakini ni safi kama maji ya kisima, na Jimi Hendrix alipiga Stratocaster za miaka hiyo bila mtu kumlalamikia. Kwa mpiga ridhimu ambaye kazi yake ni kukatakata kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, juu ya besi bila kuingilia noti za solo, wembamba huo ni faida. Yeye hahitaji kiini. Anahitaji kusikika kisha kupisha.

Jambo moja kuhusu Stratocaster za mwanzo halisemwi vya kutosha, nalo linatuhusu sana sisi tunaopiga solo kwenye nyuzi za juu. Nguzo zake sita za sumaku hazilingani urefu. Zilipangwa hivyo wakati ambapo uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa, kama uzi wa nne, na uzi wa namna hiyo una sauti ndogo, kwa hiyo nguzo yake iliinuliwa. Leo karibu kila mtu anafunga uzi wa tatu usiozungushiwa, ambao una sauti kubwa, na bado unakaa juu ya nguzo iliyoinuliwa. Matokeo yake ni kwamba katika kipande kinachopita kutoka uzi wa pili kwenda wa tatu, noti ya uzi wa tatu inaruka juu ya nyingine kama mtoto asiye na adabu kwenye foleni. Nguzo hizo hazisogezwi. Ukizisukuma kwa nguvu utakata waya wa ndani, kwa kuwa katika pikapu za Fender waya umezungushwa karibu kabisa na sumaku zenyewe. Kwa hiyo ukinunua pikapu mpya ya mtindo wa 1954 au 1957, ama funga uzi wa tatu wa kuzungushiwa, au uliza kama ipo yenye nguzo zilizolingana, kama Fender yenyewe ilivyokuja kufanya katikati ya miaka ya 1970.

Stratocaster za mwanzo zilikuwa na swichi ya nafasi tatu tu. Wapigaji waligundua kwamba swichi ikibanwa katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili husikika pamoja na kutoa mlio kama wa kitu kitupu ndani, unaocheza, na kiwanda kikakubali mwaka 1977 kwa kuweka swichi ya nafasi tano. Kwa ridhimu ya dansi, mlio huo wa pikapu ya katikati pamoja na ya daraja au ya shingoni ndio ninaoutumia zaidi ya mwingine wowote.

P-90: mche wa sabuni

Gibson ilitoa P-90 mwaka 1946, nayo ni koili moja, lakini haifanani na za Fender. Koili yake ni pana na fupi, ina mizunguko 10,000 hivi, na sumaku zake ni pau mbili zinazolala chini huku skrubu za chuma zikipanda katikati kuelekea nyuzi. Upana huo na chuma hicho huishusha sauti kutoka kwenye makali ya juu na kuijaza katikati. Aina moja hufunikwa kwa kifuniko cha mstatili ambacho Wamarekani walikifananisha na sabuni, na kwa kweli anayeiona mara ya kwanza hapa kwetu hawezi kuiita vingine ila mche wa sabuni. Gitaa la kwanza la Gibson lililoitwa Les Paul, la mwaka 1952, lilikuwa nazo mbili.

Ikipigwa taratibu P-90 ni nene na tamu. Ikipigwa kwa nguvu huanza kukwaruza kidogo, kama sauti ya mwimbaji aliyeimba hadi usiku wa manane. Ukikaza skrubu au kuilegeza unarekebisha uzi mmoja mmoja, jambo ambalo Stratocaster haikupi. Kwa gitaa la pili, lile linalojaza kati ya solo na besi, ningeiweka mbele ya zote. Kasoro yake ni mvumo: hudaka umeme wa herizi 50 kutoka kwenye taa na transfoma kuliko hata Fender, na karibu na jenereta la harusi huwezi kuituliza ila kwa kugeuka na kusimama upande.

Hambaka: PAF na zilizofuata

Seth Lover wa Gibson alitatua mvumo huo kwa kuweka koili mbili kando kwa kando, moja ikizungushwa kinyume cha nyingine na sumaku yake ikielekea kinyume. Sauti ya uzi hujumlika, mvumo wa umeme hujifuta. Ombi la hataza lilipelekwa mwaka 1955, hataza ikatoka mwaka 1959, na pikapu zilizouzwa kuanzia 1957 hadi karibu 1962 zilibandikwa karatasi ndogo yenye maneno ya kusema kwamba hataza imeombwa. Kwa Kiingereza maneno hayo ni Patent Applied For, ndipo lilipotoka jina PAF. Karatasi iliyofuata ilikuwa na namba ya hataza, ila haikuwa ya pikapu. Ilikuwa ya kishikio cha nyuzi cha Les Paul. Wengi huamini Gibson ilikusudia kuwapoteza waigaji.

Sifa ya PAF inatokana kwa sehemu kubwa na ukosefu wa nidhamu. Mashine za kuzungushia hazikuwa na kizuizi cha kuaminika, kwa hiyo koili moja ingeweza kuwa na mizunguko 5,000 na mwenzake mia kadhaa zaidi au pungufu, na sumaku zilikuwa za daraja lolote la aliniko lililokuwepo siku hiyo. Moja husoma kilo-omu 7.2 na nyingine inapita 8.5. Koili zisipolingana, mvumo haufutiki wote, lakini uwazi wa juu hubaki, ndiyo maana PAF nzuri haisikiki kama imezibwa. PAF mbaya pia zipo, na bei yake ni ile ile. Pikapu moja halisi inazidi bei ya gitaa zima jipya la daraja la kati, na kwa mpigaji wa harusi na kumbi hilo linatosha kumaliza mjadala, tuzungumzie nakala.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Gibson ilitumia hambaka ambazo leo huitwa T-Top, kwa sababu ya herufi T iliyo juu ya fremu ya plastiki ya koili. Koili zake zinalingana, sumaku ni fupi na karibu zote ni aliniko 5, na mita husoma kilo-omu 7.5 moja baada ya nyingine. Zina makali zaidi ya PAF na kati yake ni kavu. Mpenzi wa sauti ya kupakwa siagi hatazipenda. Mpigaji wa solo ya taarabu, anayehitaji noti ianze mara moja na isimalizikie ndani ya kinanda, huenda akazipenda kuliko PAF. Mimi ni mmoja wao.

Filter'Tron ya Gretsch, aliyoibuni Ray Butts na kuanza kutumika mwaka 1957, ni hambaka pia, lakini ya koili ndogo zenye mizunguko michache. Inang'aa karibu kama koili moja bila mvumo wake. Ni vigumu kuipata, na magitaa mengi hayana tundu la ukubwa wake.

Miaka ya 1970: nguvu nyingi

Mwaka 1972 Larry DiMarzio alianza kuuza Super Distortion, hambaka yenye sumaku ya kauri na ukinzani wa kilo-omu 13 hivi. Ilitengenezwa kwa kusudi moja: kuisukuma amplifaya ya valvu hadi sauti ipasuke. Inafanya kazi hiyo vizuri sana, na katika roki ina heshima yake. Katika dansi, ambapo tunataka noti safi na nyingi, nguvu hiyo haina pa kwenda. Kilele kimeshuka, ncha ya noti imefutika, na amplifaya ya transista, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, ikisukumwa kupita kiasi haipasuki kwa utamu kama valvu, inakoroma tu.

Mwishoni mwa muongo huo zilikuja pikapu za EMG zenye kikuzaji kidogo ndani, kinachoendeshwa na betri ya volti 9. Mpenda vya kale huzidharau. Nilikuwa mmoja wao hadi nilipoanza kupiga kwenye kumbi ambako hakuna amplifaya ya gitaa na unaambiwa uchomeke moja kwa moja kwenye miksa.

Hapa inafaa nieleze kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu wakilaumu pikapu nzuri kwa kosa lisilo lake. Pikapu ya kawaida, iwe ya 1954 au ya mwaka huu, hutaka njia ya kuingilia yenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja, kama ya amplifaya ya gitaa. Tundu la kawaida la miksa lina omu elfu kumi au ishirini tu. Ukiichomeka hapo, kilele chote nilichokieleza juu kinasawazishwa kabisa, sauti inapungua, makali yanapotea, na Stratocaster ya 1963 na gitaa la bei rahisi la dukani yanasikika ndugu. EMG haijali, kwa sababu kikuzaji chake kinaweza kuendesha tundu hilo. Kwa hiyo mpigaji ambaye kazi yake yote ni harusi na miksa ana sababu nzuri ya kuchagua pikapu ya betri, au abaki na koili yake ya zamani lakini abebe kisanduku cha DI, yaani cha kuunganishia gitaa na miksa, chenye kikuzaji, ambacho kinaingia mfukoni mwa koti.

Zilizopo mikononi mwetu

Magitaa mengi ya bei nafuu yanayofika madukani yana pikapu za umbo la Stratocaster ambazo nguzo zake si sumaku. Ni vijiti vya chuma vya kawaida, na chini yake imebandikwa pau moja au mbili za kauri. Chuma hicho huongeza indaktansi, kwa hiyo kilele hushuka, huku sumaku ya kauri ikitoa nguvu na ukakasi. Hazifai kudharauliwa, ukizishusha mbali na nyuzi kwa milimita mbili zaidi ya kawaida, ukakasi hupungua. Lakini usimruhusu mtu akuuzie ya namna hiyo kwa jina la miaka ya 1960. Mimi nimeshauziwa. Nilipoifungua nikakuta kauri nyeusi imebandikwa kwa gundi ambayo bado ilikuwa inanata.

Pikapu za Kijapani za miaka ya 1960, hasa zile za magitaa ya Teisco zenye karatasi ya dhahabu juu, zina nguvu ndogo na sauti ya wazi yenye upole wa ajabu. Ukikutana na gitaa la namna hiyo limetupwa stoo ya mtu, usilipite.

Jioni moja ya kusikiliza

Ili nisitegemee kumbukumbu, nilikusanya magitaa manne sebuleni Ngamiani: nakala ya Stratocaster yenye koili za mtindo wa mwisho wa miaka ya 1950, gitaa lenye P-90, lenye hambaka za mtindo wa PAF, na langu lenye kauri. Nyuzi zote mpya za aina moja, amplifaya moja, kebo moja. Nilipiga kipande kile kile, noti kumi na mbili juu ya uzi wa kwanza hadi wa tatu, nikarekodi, kisha nikamwomba mzee jirani aliyepiga gitaa enzi zake asikilize bila kujua lipi ni lipi.

"Shikamoo mzee. Nataka masikio yako dakika tano tu."

"Marahaba mwanangu. Masikio yenyewe yaliyobaki ni moja na nusu."

Alisikiliza mara mbili akiwa ameshika kikombe cha kahawa bila kunywa. La Stratocaster alisema linasema maneno. La P-90 alisema linafaa kukaa karibu na mwimbaji mwanamume, si mwanamke, kwa kuwa wangekanyagana. Na nilipoangalia baadaye, masafa ya kati ya P-90 yalikuwa kweli pale pale ambapo mwimbaji wetu wa kike hupaza sauti. La PAF alisema ni zuri likiwa peke yake. La kauri aliliuliza swali: "Hili linagombana na nani?" Kisha nikacheza rekodi ya mawili kwa pamoja, Stratocaster ikishika solo na PAF ikishika gitaa la pili, akaweka kikombe chini na kuanza kugonga meza.

Kabla ya kununua

Mita ya kupimia omu ni ya lazima, lakini isomwe kwa akili. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Hambaka yangu iliyosoma kilo-omu 7.4 alfajiri ilisoma zaidi ya 7.6 mchana wa kaskazi, na muuzaji angeweza kuniambia ni ya mizunguko mingi zaidi. Namba za omu pia hazilinganishi waya wa unene tofauti: pikapu ya shingoni ya Telecaster husoma juu kwa sababu waya wake ni mwembamba, na haina nguvu zaidi ya mwenzake wa daraja.

Mita isipoonyesha chochote, koili imekatika. Gitaa bado linaweza kutoa sauti ndogo nyembamba isiyo na chini, na wengine hudhani hiyo ndiyo sauti ya kale. Katika mji wenye hewa ya chumvi kama wetu ugonjwa huu huwapata Fender mapema kuliko Gibson: sumaku ya Fender ikishika kutu huugusa waya wa ndani kabisa na kuula, wakati Gibson waya umekaa kwenye fremu ya plastiki mbali na chuma. Angalia kingo za nguzo kwa tochi. Kutu ya kahawia juu tu si neno. Kutu inayoshuka pembeni mwa nguzo kuingia ndani ni sababu ya kurudisha pesa mfukoni, isipokuwa unamjua fundi anayezungusha upya.

Jaribu pia kusema karibu na pikapu huku amplifaya imewashwa. Ikisikika sauti yako, koili haina nta au nta imekwisha, na ukipiga kwa sauti kubwa itapiga mluzi. PAF za asili hazikuzamishwa kwenye nta, kwa hiyo zinafanya hivyo kwa haki yake. Fender ikifanya hivyo ina kasoro.

Kwa bendi yetu, baada ya kujaribu yote haya, solo ilibaki na koili moja za mtindo wa mwisho wa miaka ya 1950 zenye nguzo zilizolingana, gitaa la pili likapewa hambaka ya mtindo wa PAF shingoni, iliyoshushwa hadi milimita 3 kutoka kwenye nyuzi za juu na 4 kutoka kwenye za chini, na ridhimu ikapata pikapu za mtindo wa 1968 ambazo muuzaji aliziona dhaifu na kunipunguzia bei. Harusi zenye miksa tupu tunabeba visanduku viwili vya DI, na mpiga ridhimu ndiye asiye nacho. Yeye huchomeka kwenye amplifaya yangu ndogo, tunaweka maikrofoni mbele yake, na mpaka leo ndiye anayesikika vizuri kuliko sisi sote.